Mforosadi Uliojibu

Haya yalimpata rafiki yangu Hosiyat, ambaye baba yake huchonga vitanda vya kubembelezea watoto wachanga. Kwetu, kabla ya kukata mti wa mforosadi unaugonga kwa mgongo wa shoka. Ukijibiwa, unauacha.

Kitanda cha mtoto wa dada yake kilibakiza mti wa juu tu wa kushikia, na kesho yake mtoto alikuwa alazwe mbele ya wageni. Hosiyat akaenda bustanini jioni. Aligonga. Ndani ya shina pakagongwa pia, taratibu, mara mbili. Akakata hivyo hivyo, akarudi nyumbani mbio.

“Uligonga?” baba yake aliuliza.

“Niligonga, baba.”

“Na mbio zote hizo, mwoga wee!” dada yake akamcheka.

Kesho yake mtoto alilazwa, akafungwa mikono na miguu kwa vitambaa kama desturi. Wageni walipoondoka, umeme ukakatika. Gizani ubao wa kitanda ukagonga, mara mbili.

“Mwanangu keshaanza fujo,” dada alisema.

Hosiyat alipapasa. Mikono ya mtoto ilikuwa imefungwa vilevile, naye kalala fofofo. Akaushika ule mti wa juu ajishikize. Ukagonga tena, chini ya kiganja chake.