Kioo Katikati ya Tangi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilianza na manyunyu, kisha mvua ikamwagika kama ndoo iliyopinduliwa. Watu wa stendi walijibanza popote penye paa, na ndivyo mshonaji mmoja alivyojikuta ndani ya duka la samaki wa mapambo, gauni lake la bluu limemganda magotini.

Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu. Mkononi alikuwa na mfuko wa maji wenye samaki wadogo wa rangirangi.

"Wazuri hao," mshonaji alisema. "Unawalisha nini?"

"Siwalishi, dada. Wao ndio chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha wakubwa wao."

"Una roho ngumu, kaka."

"Mimi napeleka sahani tu."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Mvua ilipokatika, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa friji, na mtaani walimwita Baridi. Shangazi aliyemlea mshonaji hakulipenda jina hilo. "Mwanangu," alisema, "huyo utalala naye jiko likiwa pembeni."

Lakini simu hazikukoma, na Baridi akazoea kumwita mshonaji Sindano.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimewalisha wenzangu kwanza."

"Ipo siku nitawakuta wao wamekaa mezani, wewe uko ndani ya maji."

Siku mshonaji aliyokwenda kuwaona samaki hao, alikuta tangi la kioo lililojaa ukuta mzima, likinguruma kwa pampu ya hewa. Ndani yake walikuwamo samaki wawili warefu, wembamba, midomo imechongoka. Baridi aliwaita mikuki. Dume alikaa upande mmoja, jike upande wa pili, na katikati kulikuwa na kipande cha kioo.

"Mbona umewatenga?"

"Jike akiwa hajawa tayari kutaga, dume humuua. Tumbo lake likiwa jekundu, ndipo naondoa kioo. Kwa sasa, bado."

Bado ndilo lilikuwa neno lake. Kujitambulisha kwa shangazi, bado. Kupanga siku ya ndoa, bado. Alimpenda, Mungu anajua, ila aliogopa kuharibu kitu kizuri kwa haraka, na hofu hiyo hakumwambia. Mshonaji aliomba usiku na mchana, akangoja. Alichotaka ni kuolewa na mtu huyu, si mwingine.

Mwaka wa pili Baridi aliitwa mji mwingine kufunga chumba cha baridi katika kiwanda cha maziwa. Alimwachia mshonaji ufunguo wa chumba chake.

"Ukiona tumbo jekundu, Sindano wangu, toa kioo. Usinisubiri, hali hiyo haikai."

"Nisikupigie?"

"Mle ndani simu haishiki. Nayaamini macho yako."

Maneno hayo yalimpendeza kuliko zawadi. Akashona pazia zito, jekundu, akalitundika dirishani ili Baridi akirudi akute chumba kimechangamka. Jioni ile jua lilipoteremka mkabala wa dirisha, jike alisogea kwenye kioo akitetemeka, na tumbo lake lilikuwa jekundu. Mshonaji alipiga simu, haikupatikana. Akasali kwa ufupi, akainua kioo.

Haikuchukua muda, dume akamvamia. Alipofanikiwa kumtoa jike kwa wavu, mapezi yalikuwa yamechanika na mwili umelegea.

Baridi alirudi na kaka yake mkubwa, aliyemsaidia kubeba vifaa. Alimfungua jike kutoka kwenye karatasi ambamo mshonaji alikuwa amemhifadhi ndani ya friji. Tumbo lilikuwa jeupe.

"Jekundu liko wapi?"

"Nililiona, mpenzi. Naapa."

"Ulichoka kusubiri. Ukaona unifundishe kupitia samaki."

"Niliona jekundu."

"Muongo wewe."

Kaka mtu alitazama viatu vyake. Mshonaji alichukua mkoba wake, akaondoka, ufunguo ukiwa bado mkobani.

Baridi alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Basi ikapita miezi kabla homa haijamlaza nyumbani siku nzima. Jioni, jua likapenya pazia. Alipogeuka kitandani alimwona dume akipita, tumbo lake jekundu. Ukuta ulikuwa mwekundu. Akaitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa myekundu. Akaketi sakafuni, akashika kichwa.

Alipiga simu, haikupokelewa. Ndipo akaenda kwa shangazi pamoja na kaka yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, pazia limekunjwa kwapani. Shangazi aliwapa viti. Mshonaji alizima cherehani.

"Nilikosea," Baridi alisema. "Kosa ni la pazia, jua la jioni likilipenya kila kitu huwa chekundu. Nimelitoa."

"Ungeliacha. Pazia halikukosa."

"Basi ni langu. Nimekuja kukuposa, mbele ya hawa."

Shangazi alikohoa. "Leo si bado?"

"Leo si bado, shangazi."

Mshonaji alilainisha kitambaa mapajani. Machozi yalimjaa, hakuyafuta.

"Neno hili nililiomba kwa Mungu kila siku," alisema. "Lakini ulipoliona tumbo la samaki, uliliamini. Mimi niliapa, hukuniamini. Kama jua lisingekuonyesha, ningekuwa muongo mpaka kufa kwangu."

"Sindano."

"Uliniita muongo mbele ya kaka yako, na leo nakujibu akiwepo." Alitoa ufunguo mkobani, akauweka juu ya pazia. Kisha akasimama, sauti yake ikatulia. "Shangazi, kaka, nisikieni mnishuhudie. Huyu nimemsamehe, na naahidi kumtaja katika sala zangu maisha yangu yote. Na naahidi pia, mlango wake sitaufungua tena."