Mke Mwenza Mwenye Shingo Ndefu

Marashi ya waridi! Kwenye kanzu ya mume wangu!

Jamani, mimi waridi sipaki… mimi ni asumini tu. Basi huyu ni nani?

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, hapa Malindi. Gharib wangu akishaswali alasiri haonekani mpaka magharibi. Nikasema leo ndiyo leo! Nikavaa buibui, mchi wa kinu nikauficha ndani, nikamfuata hadi Muyeye.

Akaingia kwa rafiki yake Muhdhar. Nikausukuma mlango…

"Mtoeni huyo mwanamke!"

"Mwanamke gani, Mwanasiti?"

Lahaula! Kakumbatia buruma, kile kiko cha maji chenye bomba refu. Na majini katia marashi ya waridi.

"Ndiye mke mwenza huyu?"

"Ana shingo kukushinda!" Muhdhar huyo, hana haya.

"Gharib, moshi huo utakuua."

"Umepita majini, mke wangu. Moshi huu ushatawadha!"

Nikacheka hata mchi ukaniponyoka.

Msicheke ninyi… Kifua chake kikaanza kupiga mbinja. Buruma nikaivunja, akanunua nyingine. Nikaificha, akaenda kwa Muhdhar.

Daktari akamwambia, "Maji yanaupoza moshi tu, bwana. Sumu inapita."

Alikuwa keshachelewa. Akawa analala kakaa.

"Mwanasiti… fungua dirisha."

"Li wazi, baba."

"Fungua…"

Li wazi! Ningefanya nini, ning'oe ukuta?

Nikamzika.

Sasa juzi, chumba cha mjukuu wangu Hafidha chanukia stroberi. Tunda lenyewe Malindi halioti! Kumbe anavuta kidude kama kalamu, chawaka taa.

"Bibi, hii si sigara. Haina moshi. Ni mvuke tu, kama maji."

Maji! Tena maji!

"Na hiyo stroberi imeingiaje humo?"

"Ni ladha tu, bibi."

"Walioitia ladha wametia na nini kingine?"

Hajui. Mimi sijui. Aliyemuuzia naye hajui.

Jana kanambia, "Bibi, sipati pumzi… hebu fungua dirisha."

Lilikuwa wazi.

Wanangu, sumu ikijipaka marashi ni sumu tu. Usichokijua usikivute.

Mimi hanisikii, aniita mshamba. Lakini simu hii ni yake, kaisahau kitandani, na nyote mnaosoma hapa ni marafiki zake.

Mwambieni ninyi… mimi nimeshindwa.