Breki za Kupigiwa Hodi

Fundi makochi, ambaye mtaani waliita Makochi tu, alikuwa amepiga magoti karakanani, anavuta kitambaa cha bluu juu ya mgongo wa kochi. Misumari midogo minne ilikuwa mdomoni mwake. Mkewe akachungulia mlangoni.

"Mwanao na mama yangu wameshaondoka," alisema. "Wanawahi kliniki ya macho hospitalini."

"Wameondoka na nini?"

"Na gari, na nini tena? Nimempa ufunguo mimi."

Misumari yote ilianguka sakafuni.

Sasa sikia siri ya baba huyu. Gari lake lilikuwa linaumwa, na aliyejua ni yeye peke yake. Ukikanyaga breki mara moja, pedali inazama, laini kama sponji. Ukikanyaga mara ya pili na ya tatu, ndipo inashika. "Hizi lazima uzipigie hodi," alikuwa akijitania. Mafuta ya breki yakipungua, anaongeza kidogo, anafunga boneti, anaendelea na makochi yake. Wiki tatu nzima! Na fundi wa magari anakaa nyumba ya pili tu. Hakumwambia, kwa sababu aliogopa kusemwa.

Binti yake alikuwa na leseni ya miezi miwili. Njia ya hospitali ina mteremko mrefu, na chini yake kuna njia panda ya malori.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kimya.

"Mungu wangu, nimemuua mwanangu," alisema kwa sauti, akatoka mbio na kiatu kimoja.

"Mama Spana!" aliita getini kwa jirani. "Breki! Mwanangu yuko mteremkoni!"

Fundi yule wa magari, mwanamke wa maneno machache, hakuuliza kitu. Alibeba sanduku la vifaa, akamsukumiza jirani yake kwenye pikapu, wakaondoka.

Njiani Makochi aliangalia kila mtaro. Walipofika chini, barabara inapokuwa tambarare, wakaliona gari. Pua yake ilikuwa imezama kwenye lundo la mchanga, mbele ya nyumba inayojengwa. Hatua ishirini mbele, malori yalikuwa yanapita.

Binti alikuwa amesimama kando, mikono kifuani.

"Baba, breki hakuna! Nimekanyaga, mguu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga haraka haraka, nikarudisha gia ya pili, halafu ya kwanza. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Bado linakwenda! Ndipo nikaona mchanga."

"Umefanya sawasawa," alisema Mama Spana. "Ungeivuta ile ya mkono kwa mkupuo, gari lingeserereka."

Bibi alitoa kichwa dirishani. "Mkwe, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Kwanza nitoeni humu."

Makochi alimfungulia mlango, akainamisha macho. Alikuwa na aibu zaidi kuliko siku ya kupeleka posa.

"Nitalirudisha nyumbani taratibu," alinong'ona.

"Thubutu!" Mama Spana alimkatiza. "Gari lisilo na breki haliendeshwi hata hatua kumi. Tunalitengeneza hapa hapa. Lilianza lini?"

"Leo."

Walilivuta gari nyuma kwa pikapu, likatoka mchangani na kukaa kwenye uwanja wa nyumba ile. Mama Spana alifungua boneti. Kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kitupu.

"Breki zikilika, mafuta hushuka kidogo tu, tena kwa miezi. Yakiisha hivi, yanavuja. Tutafute wapi."

Alizuia matairi kwa mawe, akachungulia nyuma ya kila moja. Kwenye tairi la mbele kushoto, mpira unaopitisha mafuta ya breki ulikuwa umepasuka. Ulikuwa umelowa, na vumbi limegandia juu yake. Alikwangua kwa bisibisi.

"Jirani, tope hili lina tabaka ngapi? Ni la leo kweli?"

Binti alimgeukia baba yake.

"Wiki tatu," Makochi alisema. "Nilikuwa naongeza mafuta."

"Ulijua, baba?"

"Nilijua. Nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu." Machozi yakamtoka mbele ya mkwewe.

Mama Spana alipiga jeki, akaweka stendi chini ya gari, akaendelea na kazi huku akieleza.

"Palipovuja mafuta, hewa imeingia. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Mguu wako unabana hewa badala ya kusukuma breki. Ukikanyaga mara tatu, unajidanganya kwa muda tu. Na kuongeza mafuta hakuzibi tundu."

Alitoa mpira mbovu, akafunga mpya kutoka kwenye sanduku lake. Akafungua chupa mpya ya mafuta, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa. Makochi akapewa kazi ya kuhakikisha kichupa hakikauki. Binti akakaa kwenye usukani.

"Tunatoa hewa sasa. Tunaanza na tairi lililo mbali zaidi na pampu ya breki. Kanyaga. Shikilia!"

Mama Spana alilegeza skrubu ndogo nyuma ya tairi. Mafuta yalipita kwenye mrija, yamejaa mapovu.

"Usiachie mpaka nifunge, hewa itarudi! Haya, nimefunga. Achia."

Walirudia tairi kwa tairi, mpaka mafuta yakatoka bila povu hata moja.

"Kanyaga ukae hapo," alisema mwishowe. "Inazama?"

"Haizami. Ngumu!"

"Ingezama taratibu bila kuvuja nje, ningeshuku pampu yenyewe ya breki. Sasa washa injini."

Pedali ilishuka kidogo, ikasimama imara. Mpira mpya ulikuwa mkavu. Mama Spana alilishusha gari, akalizungusha polepole uwanjani mara tatu. Kila mara lilisimama kwa kukanyaga mara moja tu.

Binti alirudi kwenye usukani. Bibi alikaa nyuma. Mama Spana alikuwa anafuta spana zake.

"Baba," binti aliita, "kuna kingine unachokijua wewe peke yako?"

Makochi alinyoosha kidole nyuma ya gari.

"Taa moja ya breki haiwaki," alisema. "Na mkanda wa kiti cha bibi yako haukazi."

Binti alizima injini, akachomoa ufunguo.

"Mama Spana, samahani, usifunge sanduku."

Makochi alikuwa ameshafika mlango wa nyuma. Alimshika mkono mkwewe akamshusha, akauvuta mkanda mbovu nje ili kila mtu auone.