Matuta ya Bwawani

Kiprono alikutwa amekufa kifudifudi pembeni mwa bwawa la Kaburu mwenye shamba, karibu na Ainabkoi, alfajiri ya Jumanne, Machi 1936. Maji yenyewe hayakufika magotini. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Maskini Kiprono hakupisha.

Sajini wa polisi Nicanor alipofika kutoka Eldoret saa tatu, mshukiwa alikwishapatikana. Murunga, msagaji wa kinu cha unga kilichoendeshwa kwa maji ya bwawa, alikuwa amefungwa mtini, mgongo umechanwa kwa kiboko. Kaburu alitaka anyongwe, basi.

"Nyayo zake hizo, miguu mitupu," alisema nyapara Kipkorir. "Mimi niliona maiti nikiwa kule juu ya ukingo. Sikushuka."

Tangu kupambazuka kinu kilikuwa kimevuta maji, matope ya pembeni yakabaki wazi. Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma mawimbi madogo huku na huku hadi yakayapanga matope matuta matuta, kama bati la paa. Nicanor akachuchumaa.

"Murunga, ulikuja hapa lini?"

"Jana jioni, afande. Kuosha unga mwilini."

"Mama, mumeo alitoka saa ngapi?"

"Jogoo wa pili," alijibu Jepkemboi, mjane wa Kiprono. "Upepo ulikuwa umetulia. Alipeleka ng'ombe wetu kunywa."

Ndani ya nyayo za Murunga matuta yalipita bila kukatika: mawimbi yaliyachora baada ya yeye kuondoka. Lakini pale alipolala Kiprono, buti lenye kisigino kilicholika upande lilikuwa limeyaponda. Aliyelivaa alikuja upepo ukiwa umelala.

Nicanor aliyatazama mabuti ya nyapara, makuukuu aliyopewa na Kaburu, kisigino kimoja kimelika upande.

"Kipkorir, uliingiaje majini na viatu? Si ungevua?"

"Nyapara akivua viatu ni boi tu!" Kisha akatambua alichosema.

"Ulimfanya nini?"

"Ng'ombe wake walikunywa maji ya Bwana. Nikamwambia anywe na yeye. Nikamkanyaga shingo. Nilidhani anajifanya amezimia." Akamgeukia Kaburu. "Bwana, si ulisema mwenyewe?"

"Mimi nasema fundisha. Hapana sema ua," Kaburu alijibu. "Toa viatu. Hiyo yangu."

Kipkorir akavua, akatiwa pingu. Kaburu akavitupa viatu mbele ya Murunga, aliyekuwa ndiyo kwanza anafunguliwa kamba.

"Leo wewe nyapara."

Damu bado ilimtiririka mgongoni. Murunga akaketi, akavaa buti la kulia, akavaa la kushoto, akafunga kamba taratibu. Jepkemboi alikuwa akimtazama.

"Mama," Murunga akasema, "ng'ombe wenu wako wapi?"