Mtaro Mbele ya Mlango wa Shangazi

Chuo kizima kilimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na mwanafunzi hata mmoja, isipokuwa binti yake. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja ng'ambo ya barabara, ukitazamana na lango la chuo. Aliuza chai, mkate, wali na maharagwe. Kibarazani alikaa mume wake, ambaye alishona viatu na mabegi. Yeye walimwita Fundi. Binti yao alisomea ualimu humo chuoni. Vipindi vikiisha, alivuka barabara akaja kuosha vyombo.

Mmoja wa wateja wao alikuwa kijana asiyeona. Wenzake walimpa jina la Wakili kwa sababu ya ubishi wake. Alitembea na fimbo nyeupe na njia ya kwenda kwa Shangazi aliijua vizuri. Alikuwa tayari kubishana juu ya sukari mpaka chai ipoe, kisha adai ipashwe moto.

Halafu barabara ikafungwa.

Kwanza watu walifurahi. Waliambiwa barabara itapanuliwa, na mabomba makubwa yatawekwa chini ili maji ya mvua yasiingie tena madukani. Lakini mashine ilipofika mbele ya mgahawa, ilichimba mtaro mrefu, wenye kina cha kumpita mtu mzima kimo. Mtaro ukapita kati ya lango la chuo na mlango wa Shangazi. Pembeni yake mafundi wa barabara waliweka vyuma na utepe wa njano.

Sasa mwanafunzi aliyetaka chai ilibidi azunguke mpaka mwisho wa mtaro, kisha arudi akikanyaga matope. Mapumziko yalikuwa mafupi. Wengi walikata tamaa, wakashinda na njaa darasani. Vumbi liliingia kila mahali. Shangazi aliosha vikombe, akavifunika, akavikuta vyekundu, akaviosha tena. Jioni sufuria ilirudi nyumbani imejaa karibu kama ilivyotoka, na familia ikala wali uleule mpaka binti akasema ameanza kuuota.

Wafanyabiashara wengine nao walikuwa na hali mbaya. Mwenye duka la vitabu alikwenda kugombana na mhandisi wa ujenzi huo, akarudi amenuna. Kesho yake kinyozi alikwenda peke yake, naye akarudi vivyo hivyo. Kila mmoja alisema lake, na kila mmoja alijibiwa kwamba kazi imechelewa, avumilie.

Shangazi hakulala vizuri siku hizo. Aliwaza juu ya mgahawa, na juu ya masomo ya binti yake. Fundi alimsikia akigeuka kitandani. Asubuhi moja alisogeza vyuma vya uzio, akakata utepe, akalaza mbao moja juu ya mtaro.

"Baba, hiyo mbao inacheza," Shangazi alisema.

"Inacheza kidogo tu," Fundi alijibu. "Mwenye njaa hataisikia."

Kweli, wanafunzi walianza kurudi. Walivuka mmoja mmoja, wakicheka, mikono wameitanua kama ndege. Shangazi alifurahi kuona meza zimejaa, lakini kila mtu alipokanyaga ile mbao, yeye aliacha kupakua, akamtazama mpaka afike. Wakili alipotaka kuja, binti alikwenda kumzungusha kwa njia ndefu.

Siku hiyohiyo alipita msimamizi wa usalama wa ujenzi. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa kofia ngumu nyeupe. Aliiondoa mbao, akarudisha uzio, akamwambia Fundi kwamba udongo ule si wa kuaminika. Fundi aliitikia kwa adabu. Dada yule alipoondoka, mbao ikarudi.

Kisha ikanyesha mvua. Ilinyesha asubuhi, ikakatika, na mchana mashine ikaanza tena kunguruma. Binti alikuwa jikoni. Shangazi alikuwa anapakua wali. Alipoinua macho, alimwona Wakili peke yake upande wa pili wa mtaro. Wakili aliwasikia wenzake wakivuka, akaamua naye avuke. Fimbo yake ilitafuta uzio, haikuukuta. Ikagusa ncha ya mbao.

Shangazi alimwita asubiri, lakini mashine ilimeza sauti yake. Wakili aliweka mguu mmoja juu ya mbao, kisha wa pili. Ukingo ukameguka. Mbao ikapinduka, na Wakili hakuonekana tena.

Fundi alitupa kiatu alichokuwa anashona, akakimbia. Alimwona Wakili chini, amefukiwa mpaka mapajani. Alikuwa hai. Alikuwa anauliza, kwa sauti ndogo, fimbo yake iko wapi. Wanafunzi walijaa ukingoni, na wawili walikuwa wameanza kuvua viatu ili waruke. Fundi naye akajiandaa kuruka.

Filimbi ikalia. Dada wa kofia nyeupe alikuja mbio, akamshika Fundi mkono.

"Usiingie," alisema.

"Huyu ni mwanangu," Fundi alisema. Wakati ule hakuona kama amesema uongo.

"Najua. Lakini ukiruka, ukuta huu utakuangukieni wote. Nisaidie kuwarudisha hawa watu nyuma. Hiyo ndiyo njia ya kumsaidia mwanao."

Alimpungia mwendesha mashine, na mashine ikazimwa. Akamwagiza mwanafunzi mmoja apige simu ya dharura na kueleza mahali walipo. Wengine wote aliwasogeza mbali na ukingo. Huku wakisubiri, aliwaeleza kwa nini. Udongo uliolowa ni mzito, na uzito wa watu ukingoni unausukuma chini. Mtikisiko wa mashine nao unaulegeza. Mara nyingi anayeruka kuokoa ndiye anayefukiwa.

Mafundi wa barabara walileta mbao pana na nguzo fupi. Wakakaza mbao kwenye kuta mbili za mtaro ili zisianguke, ndipo mmoja akashuka kwa ngazi. Hakumvuta Wakili. Alimfukua polepole kwa koleo dogo na mikono. Kazi hiyo ilionekana haina mwisho. Binti alisimama pale alipoonyeshwa, akawa anaongea na Wakili asinyamaze. Kila alipokawia kujibu, Shangazi alisogea hatua moja mbele, akarudishwa nyuma.

Mwishowe walimtoa. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali. Shangazi na Fundi walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha matibabu bila kutazamana. Daktari alipotoka, aliwaambia mguu umevunjika chini ya goti, ila utapona. Shangazi alilia hapo, si kabla.

Dada wa kofia nyeupe naye alikuja hospitali. Fundi alisimama, akamwambia yeye ndiye aliyeirudisha ile mbao. Alisema lile neno moja tu, akabaki ameinamisha kichwa kama anayesubiri pigo.

Yule dada alikaa kwanza.

"Ulikosea, baba," alisema. "Nilikuonya, hukusikia, na kijana ameumia. Lakini na sisi tulikosea. Tumewafungia mlango bila kuwapa njia nyingine. Mimi niliondoa mbao yako, na sikuuliza kwa nini uliiweka."

Shangazi alimuuliza sasa wafanye nini, maana kila aliyekwenda ofisini alirudi mikono mitupu. Dada akamwambia kwamba walikwenda mmoja mmoja, tena na hasira. Mhandisi alisikia malalamiko tu, hakusikia haja yao ni nini. Waende pamoja, wafanyabiashara na wanafunzi. Waseme wazi milango yao iko wapi, vipindi vinaisha saa ngapi, na ni nani wanaopita pale ambao hawawezi kuruka wala kuona. Wakifunga barabara, wajenzi wana wajibu wa kuacha njia salama ya watu wa miguu. Kuiomba si kuomba hisani.

Kesho yake walijaa ofisi ya mhandisi, ambayo ilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja. Alikuwepo kinyozi, mwenye duka la vitabu, viongozi wa wanafunzi, na binti wa Shangazi. Mhandisi aliwasikiliza, akasema kivuko kitaichelewesha kazi. Watu wakaanza kunung'unika. Shangazi akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mheshimiwa, wanafunzi watavuka tu," alisema. "Njaa haisubiri barabara iishe. Tulichokuja kukuuliza ni hiki: wavukie wapi?"

Mhandisi akamgeukia dada wa kofia nyeupe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Akavuta karatasi, akamwomba Shangazi amwonyeshe mlango wake uko sehemu gani.

Kivuko kilijengwa wiki ileile. Kilikuwa kipana, chenye vyuma vya kushika pande zote mbili. Chini kabisa waliweka ubao uliosimama, ili fimbo ya asiyeona iuguse na kuufuata. Vipindi vilipokaribia kuisha, mashine ilisimama na mtu mwenye bendera aliwavusha wanafunzi. Wafanyakazi walimwagia barabara maji asubuhi na mchana kupunguza vumbi. Tena wakaacha kuchimba mtaro mrefu kwa mara moja. Walichimba kipande, wakalaza bomba, wakafukia, ndipo wakasogea mbele.

Wanafunzi walifundishana mambo machache, na binti wa Shangazi aliyaeleza mezani kila alipopeleka chai. Usivuke uzio hata kama huoni mtu. Usipite nyuma ya mashine, kwa sababu anayeiendesha hakuoni. Ukitaka kupita mbele yake, simama mpaka akutazame usoni na akupungie mkono. Uzio ukianguka, usiuruke. Mwite anayehusika.

Wateja walirudi, si wote kwa siku moja. Wakili alirudi na magongo, mguu umefungwa plasta. Siku ya kwanza alisimama kwenye kivuko muda mrefu, mkono mmoja umeshika chuma. Fundi aliondoka kibarazani, akaenda kusimama karibu naye. Hakumshika. Alimwambia tu kwamba yuko hapo kulia kwake. Wakavuka taratibu, wote wawili wakitokwa jasho.

Miezi ikapita na uchimbaji ukashuka mpaka kwenye maduka ya chini, karibu na mabweni. Asubuhi moja Shangazi alikwenda huko kununua nyanya. Mtaro ulikuwa umechimbwa jana yake, kivuko kilikuwa bado hakijaletwa, na mwuza mboga alikuwa anatoka nyuma ya kibanda chake na mbao ndefu begani. Alisema wateja wote wamebaki upande ule, atafanyaje.

Shangazi aliweka kikapu chini, akashika ncha ya pili ya ile mbao.

"Turudishe hii ulikoitoa, mwenzangu," alisema. "Halafu tuwapitie na jirani zako, twende ofisini wote. Mhandisi yupo, nimemwona sasa hivi."

Wakaibeba pamoja, wakairudisha nyuma ya kibanda.