Aliyeondoka Bila Kuaga

Siku ya tatu ya matembezi yake, Mwajabu alirudi nyumbani na malengelenge viganjani. Mumewe, Saleh, aliyekuwa dukani akikunja kaniki, alimshika mikono akaigeuza, akaona udongo mwekundu umejaa kwenye kucha. Akamuuliza amelima wapi. Mwajabu akasema hajalima popote, ametembea tu kama alivyoagizwa, akachoka, akaketi. Saleh akaguna. Ugomvi wao ulianzia hapo.

Tusimwonee Saleh, alikuwa na sababu ya kuguna. Mwaka ule wa 1912 homa ilimlaza mkewe miezi minne, ikamwachia miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Binti yao Shufaa, mtoto wa miaka minne, alipelekwa Kamuli kwa mjomba wake Zubeiri, na Saleh akaweka sharti kwamba mtoto atarudi siku mama yake atakapopata nguvu za kumbeba. Ndiyo maana ya matembezi. Kila alasiri, polepole, Mwajabu aende kwenye msitu wa misonobari ulio juu ya kijiji chao cha Mabira, ambao Mdachi mmoja wa serikali ya Wajerumani aliupanda, akaukataza shoka na ng'ombe, kisha akahamishwa asionekane tena. Njia zake zilikuwa tambarare, chini laini kwa majani makavu, hakuna miiba wala kelele. Hata ndege hawakuingia. Mgonjwa atake nini zaidi?

Kitu kimoja Mwajabu hakukisema, kwa kuwa hakukihesabu kuwa kitu. Siku ya kwanza, kwenye kisiki alichotaka kupumzikia, alikuta punje za kahawa zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba, zile za kutafuna ambazo Wanyambo, wenyeji wa huko, humkaribishia mgeni. Akadhani zimesahauliwa na mpita njia, akazitafuna. Siku ya pili akakuta nyingine. Akatafuna tena, na akashukuru kwa sauti, maana alilelewa na watu wa pwani na mdomo wake haukujua kupokea kimyakimya. Siku ya tatu hapakuwa na kahawa. Palikuwa na jembe limeegemezwa kisikini. Akalishika ili alisogeze apate pa kukaa, na tangu hapo hakumbuki chochote mpaka jua lilipokuwa linazama.

Basi ikawa hivyo kila siku. Anakwenda kutafuta nguvu, anarudi hana hata za kuinua kata ya maji. Mgongo unamuuma, nguo zinanuka utomvu, na mumewe amenuna. Saleh alimwambia kama hataki mtoto arudi aseme, kuliko kwenda kulimia watu mashamba yao kwa siri. Neno hilo lilimchoma Mwajabu kuliko homa yote. Alilia kwa hasira, akaapa hatatoka tena, na kesho yake alasiri akajifungia chumbani, akakaa kitandani na tasbihi mkononi.

Akasikia jembe. Ka. Ka. Lilisikika mbali, kule juu, likipiga kwa utaratibu, na kila lilipopiga vidole vyake vilijikunja vyenyewe, akavikalia, mabega nayo yakaanza kupanda na kushuka, na harufu ya utomvu ikaingia chini ya mlango kama moshi wa kuni mbichi, ikajaa chumbani, ikamkaba koo, na alipofumbua kinywa apige kelele za kumwita mumewe alijikuta amesimama msituni, peku, jembe mkononi, na mbele yake mashimo yamepangwa kwa mstari ulionyooka kuliko kazi ya binadamu yeyote, kila shimo na mche wake wa msonobari, mistari ikiteremka mlima moja kwa moja kuelekea paa la nyumba yake.

Safari hiyo Saleh, aliyemwona akitoka mlangoni kama mtu anayetembea usingizini, alimfuata. Alimwona mkewe anachimba kwa kasi ya wanaume wawili, huku akiitikia, "Ndiyo, bwana. Hapa, bwana," na karibu naye hapakuwa na mtu. Saleh hakuguna tena. Alimburura mpaka nyumbani, akamwomba radhi, kisha akaenda kumwita Mwalimu Abdulatifu, aliyefundisha watoto Kurani na kuwasomea wagonjwa.

Abdulatifu alisikiliza habari yote. Habari ilipofika kwenye kahawa, mwalimu alifumba macho kwa uchungu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Hata majini wanaijua. Umekula kwa jini mwenye msitu ule, binti yangu, umemshukuru, ukaondoka bila kuaga. Kwake yeye wewe bado mgeni, na mgeni wa siku nyingi hufanya kazi."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Nenda ukamuage. Kwa adabu, si kwa matusi. Ila akikuuliza jina lako usilitaje, maana anayemtajia jina huwa wake. Atakusindikiza, maana mwenye mji mwungwana humsindikiza mgeni wake. Mkifika mwisho wa miti, mwambie inatosha, arudi. Akirudi, yamekwisha."

Saleh alifurahi kupita kiasi. Pupa yake hiyo! Hata dua haijasomwa, alishatuma mtu Kamuli kumwambia Zubeiri amlete mtoto.

Kesho yake Mwajabu alipanda peke yake. Mbele ya kile kisiki alipiga magoti, akaweka jembe chini, akasema amekaa vya kutosha, ana mtoto anayemngoja, anaomba ruhusa. Misonobari ikatulia. Kisha sauti nzito, ya upole, ikasema karibu na sikio lake, "Haya. Nikusindikize." Akainuka, hakugeuka nyuma, na majani makavu yakaanza kulia nyuma yake, hatua kwa hatua, akipunguza yanapunguza, akikaza yanakaza, na ubaridi ukimpiga shingoni, na yeye akiyakariri moyoni maneno yale mawili, inatosha, rudi, inatosha, rudi, mpaka akauona mwanga mwisho wa miti na mumewe amesimama kwenye jua.

Akafumbua kinywa.

Lakini Saleh alishamwona mtu mrefu wa kanzu nyeupe nyuma ya mkewe, na furaha ikamtangulia akili. Akadhani ni Mwislamu mwenzake aliyetumwa na mwalimu.

"Ahsante sana, ndugu yangu, umenirudishia mke wangu," akasema. "Usirudi na njaa. Twende nyumbani ukale."

"Nimekubali," ikasema sauti.

Mwajabu akageuka. Hapakuwa na mtu. Alimpiga mumewe kifuani kwa ngumi zote mbili, zile zilizojaa malengelenge, akampiga mpaka nguvu zikamwisha, na Saleh, aliyekwisha kuelewa, hakujikinga.

Walipofika nyumbani, mkeka wa barazani ulikuwa umebonyea katikati, umekaliwa. Wakasimama pale wasijue waingie au wakimbie. Saleh alikuwa ananong'ona kwamba akamwite Abdulatifu, ndipo Zubeiri alipotokea njiani na Shufaa mabegani, akicheka, akamshusha chini.

Mtoto akakimbia. Mwajabu alimfungulia mikono, lakini Shufaa alimpita mama yake, akampita na baba yake, akasimama mbele ya mkeka, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kwa wakubwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," ikaitika sauti ya upole kutoka mkekani, wote wakaisikia. "Jina lako nani?"

Na Shufaa, mtoto mwenye adabu zake, akalitaja.