Mkono Utosini

Mtawa alikataa kuinama. Hilo lilikuwa jambo la kwanza, na Lhundup aliliona vizuri kabisa, ila alikuwa amechoka kubishana na mama yake tangu alfajiri, akaliacha lipite.

Walikuwa wamesimamisha pikapu pale barabara inapovuka mlima, mahali bendera za dua zinapopigwa na upepo mpaka zinachanika. Bibi Choezom, mama yake Lhundup, alishuka kurusha vikaratasi vya dua kama afanyavyo kila msafiri, na mjukuu wake Yudron, mtoto wa miaka minane, akawa anavikimbiza. Hapo ndipo walipomwona mtawa amesimama peke yake kando ya rundo la mawe. Joho lake jekundu lilikuwa limepauka, uso umekauka kwa jua na baridi, mikono ameificha ndani ya nguo. Hakuitika salamu. Bibi akamfungulia mlango wa gari, akamkaribisha ndani kwenye joto. Mtawa akatembea mpaka mlangoni, paji la uso likagonga ukingo wa paa. Akarudi nyuma hatua moja, akagonga tena. Alifanya hivyo mara tatu na kichwa hakukishusha hata kidogo.

"Ameweka nadhiri ya kutoketi," Bibi alisema kwa heshima. "Nilisikia wapo watu wa namna hiyo. Mpandishe nyuma."

"Mama, huyu hajapepesa macho tangu tufike."

"Wewe yako unayapepesa kutwa, na hayaoni kitu. Mpandishe."

Lhundup akampandisha. Alimkumbatia kiunoni na kumnyanyua, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, tena amenyooka mzimamzima, hana goti wala nyonga inayokunjika. Alinuka siagi iliyochacha na udongo wa shimo lililofunguliwa sasa hivi. Akamsimamisha kwenye bodi ya nyuma, nyuma ya kabini, akapangusa mikono kwenye suruali.

Safari yenyewe ilikuwa ya Yudron. Mtoto alikuwa na kifafa tangu ana miaka minne, na kaka yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo. Bibi alikuwa akimwambia Lhundup mbele za watu kwamba yule wa kwanza alikufa kwa sababu baba yake aliona shida kusimamisha gari ili mtoto abarikiwe. Kwa hiyo Bibi alipoapa kwamba kila mkono mtakatifu kuanzia nyumbani hadi kwenye mlima mtukufu utagusa utosi wa huyu aliyebaki, Lhundup alijaza mafuta, akawasha gari. Walikuwa na siku nne njiani, wamekwisha kusimamisha gari kwa walama kumi na mmoja, watawa wakuu wanaobariki watu, njia ambayo mtu asiyesimamasimama angeimaliza kwa siku moja.

Waliteremka kwenye uwanda. Kila gari liliporuka shimo, kitu kigumu kiligonga ukuta wa kabini nyuma ya vichwa vyao. Lhundup alitazama kwenye kioo mara nyingi akitegemea kuona mkono umeshika ubavu wa gari. Hakuna mkono ulioshika kitu, na mtu mwenyewe hakuyumba. Yudron alikuwa amegeuka, amepiga magoti kwenye kiti, anatazama joho lililoziba kioo cha nyuma.

"Baba," alisema, "tumbo lake halipandi wala halishuki."

Bibi akamwambia watakatifu hawapumui hovyo kama madereva.

Saa sita mchana walifika kwenye vinyumba vinne kando ya barabara, ambapo mwanamke mmoja mnene anayeitwa Metok huuza chai ya siagi na supu ya tambi. Mbwa wake watatu, ambao kwa kawaida hung'ang'ania matairi ya kila gari, waliitazama pikapu wakaingia chini ya sakafu bila kubweka. Walipokuwa wamekaa, Lhundup alikwenda jikoni kuomba maji ya moto. Metok alikuwa dirishani, birika mkononi, chai inafurika kikombeni na yeye haioni.

"Kaka," alinong'ona, "huyo uliyempakia, umemwona akiinama?"

Lhundup akamweleza habari ya nadhiri. Metok alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Nadhiri. Unajua kwa nini wazee wetu walijenga milango mifupi, au na wewe ulidhani walikosa mbao?"

Alijua. Nani hajui? Maiti aliyeingiwa na pepo huamka akatembea, lakini hawezi kukunja mgongo, ndiyo maana mlango mfupi humzuia. Lhundup aliambiwa hayo utotoni, akayaweka pamoja na hadithi nyingine za kuwafanya watoto warudi nyumbani mapema. Metok alimshika mkono wa koti na kumwambia kwamba kiumbe yule hang'ati, hakabi, wala hakimbizi mtu. Humwekea mtu kiganja utosini, basi, na aliyeguswa hamalizi siku kabla hajawa kama yeye.

"Na hilo joho ndilo baya zaidi," Metok alisema. "Watu wetu wakiliona, wanainamisha vichwa wenyewe."

Lhundup akageuka. Bakuli mbili zilikuwa zinafuka moshi mezani, na benchi halikuwa na mtu.

Alipotoka nje alikuta Bibi amepanda bodi ya nyuma kwa kukanyaga kreti, amepiga magoti mbele ya mtawa, kitambaa cha kichwa amekiweka mapajani. Mkono ulikuwa umetoka ndani ya joho. Ulikuwa wa kijivu, kucha ndefu, na ulitua juu ya nywele zake nyeupe taratibu kabisa, kama wa lama yeyote mpole. Bibi alikuwa anatoa machozi ya furaha. Yudron alisimama nyuma yake na viganja vimekutana kifuani, anangoja zamu.

Lhundup hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alimkamata mtoto kiunoni wakati mkono ule umekwisha kuinuka tena na kuelea hewani, ukimtafuta. Akamtupa ndani ya gari, akamvuta mama yake kwa nguvu ambazo mwana hapaswi kuzitumia kwa mama, akawasha injini na kuondoka kwa kishindo. Mtawa alianguka barabarani amenyooka vilevile. Lhundup alipotazama kwenye kioo alikuwa amekwisha kusimama, na hakuona ameinukaje.

Bibi alimtukana mwendo mrefu. Alimwita mlaaniwa, muuaji wa watoto wake mwenyewe, akasema Yudron akianguka kifafa usiku huo damu yake iwe juu ya baba yake. Lhundup alimwacha aseme, kwani kadiri alivyotukana ndivyo alivyokuwa hai. Kisha akalalamika kwamba shingo inamwingia baridi, akaomba dirisha lifungwe, nalo lilikuwa limefungwa. Baada ya hapo maneno yake yakaanza kuja moja moja.

Lhundup akasikia kiti cha nyuma kinalia, mbao na chuma vinasukumwa, akatazama kwenye kioo na kumwona mama yake ananyooka pale pale alipokaa, magoti yanasukuma kiti cha mbele, utosi unapanda mpaka umefika kwenye paa na bado unapanda, bati linabonyea, na ile harufu ya siagi iliyochacha inajaa ndani ya gari mpaka anaisikia kwenye ulimi, na mtoto amelala ubavuni mwa bibi yake kwa uchovu, hajui lolote, nywele zimemwagika usoni, na mkono wa Bibi, mkono uleule uliomlisha Lhundup unga wa shayiri alipokuwa hana meno, unatambaa juu ya kiti polepole kuelekea kwenye kile kichwa kidogo.

"Mtoto anasinzia," Bibi alisema. "Nimshike kichwa."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Lhundup alikanyaga breki, akamvuta Yudron kwa mguu mmoja akampitisha katikati ya viti mpaka mbele. Akazunguka akafungua mlango wa nyuma, na mama yake akatoka kama ubao unaoteleza, akasimama kwenye changarawe. Alimwita Mama. Alimwomba ainame, aokote jiwe tu, hata dogo. Bibi alimtazama bila kupepesa, kisha akaanza kuinua mkono. Lhundup alilia kwa sauti, akarudi ndani ya gari, akageuza kuelekea nyumbani kwa njia nyingine, akamwacha mama yake mzazi amesimama nyikani.

Nyumbani hakuweza kulisema. Mtu atawaambia nini majirani, kwamba amemtupa mama yake barabarani kwa sababu shingo yake ilikuwa ngumu? Kuna siku hata yeye mwenyewe aliwaza hivyo. Alimwambia mkewe Dekyi kwamba Bibi alipata wito, akabaki kule juu kuomba dua, hataki kusumbuliwa. Yudron alizinduka tu alipovutwa mbele, hakuelewa alichokiona, naye akaliamini hilo. Dekyi aliwaambia majirani, majirani wakawaambia wengine. Kufikia mwisho wa kipupwe watu walikuwa wakisema Bibi Choezom amekuwa mtakatifu, anasimama mlimani usiku na mchana, na mkono wake unaponya.

Lhundup alikuwa safarini na mzigo wa saruji mahujaji walipokodi basi. Aliporudi alikuta nyumba imefungwa. Jirani akamwambia, kwa furaha, kwamba Dekyi amempeleka mtoto akabarikiwe na bibi yake, na kwamba watarudi jioni hiyohiyo.

Alisubiri stendi mpaka basi likaingia. Dereva, kijana anayeitwa Norgye, alishuka peke yake na kufunga mlango nyuma yake, akawasha sigara. Alisema walimkuta Bibi kabla jua halijachomoza, na abiria wote thelathini na wanane walipanga foleni. Yeye alikuwa chini ya basi anahangaika na bomba, akaikosa baraka.

"Asubuhi waliimba," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu saa nane mchana sijasikia hata mtu kukohoa kule nyuma ya kioo kinachonitenga nao. Na viti vyote viko wazi, kaka. Kwa nini hawakai?"

Lhundup akalitazama basi. Kwenye madirisha hapakuwa na nyuso. Kulikuwa na mishipi, vifundo vya nguo, na aproni ya mistari ya Dekyi. Katika dirisha moja tu kulikuwa na uso, wa Yudron, mdogo kiasi kwamba kutoka nje mtu hawezi kujua amekaa au amesimama.

Akasogea mpaka kwenye kioo.

"Yudron, mwanangu," alisema, "kamba ya kiatu chako imefunguka. Iname uifunge."

Mtoto alimtazama. Lhundup akangoja, akangoja tena. Kisha kiganja kidogo kikapanda, kikajibandika kwenye kioo, sawasawa na pale utosi wa baba yake ulipokuwa.

Lhundup aliweza kumwacha mama yake. Huyu hakuweza. Alimwomba Norgye ufunguo, akamwambia aende mbali, awaambie watu wasilifungue basi hilo kwa hali yoyote ile. Kisha akavua kofia, akaingia, akaufunga mlango kwa ndani.